Mhariri, ile chalenji ya Januari mlipiga hesabu kwanza?

Mhariri,

Naandika kuhusu kale kasehemu mlikochapisha chini ya ukurasa wa familia, ile "njia rahisi ya kuweka akiba Njaanuari hii", mkasema mtu aanze na shilingi moja tarehe mosi, tarehe mbili aweke mbili, tarehe tatu aweke nne, yaani kila siku mara mbili ya jana mpaka mwezi uishe, na mkamalizia ati hata mwenye kipato kidogo anaweza. Sasa nauliza kwa heshima zote, kuna mtu hapo ofisini kwenu alishika kalkuleta kabla ya hiyo kitu kwenda mitamboni?

Mimi ni mweka hazina wa chama huku Umoja, na asubuhi hiyo hiyo picha ya ukurasa wenu ilikuwa imeshatumwa kwa grupu yetu ya wasapu, mama mmoja ameandika tuanze mara moja, wengine wanaweka vidole gumba tu bila kusoma. Na kusema kweli mwanzo wake ni mtamu. Tarehe kumi unaweka 512 na sanduku zima lina 1,023, nani hawezi. Tarehe kumi na moja ni 1,024, bado mtu anajikaza. Tarehe kumi na tano ni 16,384, hapo kwa wengi wetu ni kodi ya nyumba imeenda. Tarehe kumi na tisa unatakiwa kutuma 262,144 na M-Pesa inakukatalia kwa sababu mwisho wa kutuma kwa mara moja ni 250,000, kesho yake ni 524,288 na hizo hata laini yako haiwezi kuzibeba maana mwisho wa balansi ni nusu milioni. Sijafika hata wiki ya mwisho. Tarehe thelathini na moja, siku hiyo moja pekee, huyu mtu wenu wa kipato kidogo anatoa shilingi 1,073,741,824.

Jumla ya mwezi mzima ni 2,147,483,647. Haihitaji hata kujumlisha siku moja moja, ukiangalia vizuri utaona sanduku huwa siku zote ni mchango wa kesho kasoro shilingi moja: tarehe kumi lina 1,023 na mchango wa kesho yake ni 1,024, kwa hivyo chukua mchango ambao ungekuwa wa siku ya thelathini na mbili, toa moja, basi.

Lakini Mhariri sikukaa chini kuandika ili niwacheke, kucheka tulishacheka kwa grupu. Naandika kwa sababu bila kujua mmewaelekeza wasomaji kwa namba moja ya maana sana, yenye historia ndefu kushinda ya mji huu wetu, halafu mkaiacha hapo bila hata kuitaja. Mimi jumla hiyo niliitambua mara moja, nikasema hii naijua, na nafikiri kila msomaji wenu angefaa kuijua pia.

Tuanze na kitu ambacho mweka hazina yeyote angejaribu, kugawa. Chama chetu kina watu 18. Kila mmoja anapata 119,304,647 na inabaki shilingi moja. Mtu mmoja akijitoa tubaki 17, zinabaki shilingi nane. Tukiwa 19 zinabaki mbili, tukiwa 20 zinabaki saba. Nikasema wacha tualike Nairobi yote, sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073, kila mtu achukue 488 yake, na bado juu ya meza kuna shilingi 1,712,023 ambazo hazitoshi kumpa kila mtu hata shilingi moja nyingine. Na unaweza kuendelea hivyo mpaka uzeeke. Hakuna kikundi chochote cha watu, kikubwa ama kidogo, ambacho kinaweza kugawana hizo pesa sawasawa bila kubaki na chenji, isipokuwa mtu mmoja achukue zote au wawe watu 2,147,483,647 kila mmoja achukue shilingi yake. Hiyo ni namba tasa, Mhariri, na si tasa ya kawaida.

Utani wake ni kwamba tatizo lote limeletwa na ile shilingi moja ya tarehe mosi. Ukiiondoa hiyo, zinazobaki, 2,147,483,646, zinagawika vizuri sana, kwa 2, kwa 3, kwa 7, kwa 9, kwa 11, kwa 18, kwa 31, hata kwa 331. Yaani chama chetu kikilala tarehe mosi (na nani hulala kama watu wa Nairobi tarehe mosi Januari) na kuanza na shilingi mbili tarehe mbili, tunagawana bila kelele.

Sasa mtu anaweza kudhani kila jumla ya hii chalenji iko hivyo. Hapana, na hapa ndio panakuwa patamu. Tarehe 2 sanduku lina 3, tarehe 3 lina 7, tarehe 5 lina 31, tarehe 7 lina 127, zote tasa. Lakini tarehe 6 lina 63 ambayo inagawika, na sababu unaweza kuiona kwa macho: siku tatu za kwanza ni 1 na 2 na 4, jumla 7, siku tatu zinazofuata ni 8 na 16 na 32, jumla 56, ambayo ni 7 zile zile mara nane. Kwa hivyo tarehe yoyote ambayo yenyewe inagawika katika mafungu sawa, sanduku lake pia linagawika, halina ujanja. Zinabaki tarehe ambazo zenyewe ni tasa, na mtu mwenye haraka atasema basi hizo zote zinatoa tasa. Tarehe 11 inamrudisha nyuma: sanduku ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Kuna Mtaliano aliitwa Cataldi, mwaka 1588 alishughulika na hizi hizi hesabu. Alijitengenezea jedwali la namba tasa mpaka 750, akachukua sanduku la tarehe 17, ambalo ni 131,071, na la tarehe 19, ambalo ni 524,287, akayagawa kwa kila namba tasa ya kwenye jedwali lake, moja baada ya nyingine kwa mkono, hakuna iliyoingia. Haikuwa lazima aende mbali, kwa sababu namba ikiwa na wagawaji wawili basi yule mdogo hawezi kuzidi ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unafika hapo, na kwa 524,287 hiyo ni 724 na kidogo. Hadi hapo kazi safi kabisa. Kisha akapata moto, akasema na tarehe 23, na 29, na 31, na hata 37 kama mwezi ungekuwa nayo, zote ni tasa, na hapo jedwali lake lilikuwa fupi mno hakuwa na njia ya kuhakikisha. Mwaka 1640 Fermat wa Ufaransa akaonyesha kwamba sanduku la 23, yaani 8,388,607, ni 47 mara 178,481. La 37 pia akalivunja, linagawika kwa 223. Halafu Euler akaja akavunja la 29: 536,870,911 ni 233 mara 1,103 mara 2,089, kwa hivyo chama cha watu 233 kingegawana pesa za tarehe 29 bila shida. Katika zile nne alizobahatisha Cataldi ilisimama moja tu, ya tarehe 31, ile yenu.

Ilisimama lakini ilikuwa bado haijathibitishwa. Mtawa mmoja Mfaransa, Mersenne, aliiweka kwenye orodha yake mwaka 1644, na ni yeye ambaye hizi namba leo zinaitwa kwa jina lake, ingawa hiyo orodha nayo ilikuwa na makosa, aliweka sanduku la siku 67 na la 257 ambayo si tasa, akaacha la 61, la 89 na la 107 ambayo ni tasa. Kuhusu 31 alisema kweli, ila kusema kweli na kuthibitisha si kitu kimoja, hata nyinyi watu wa magazeti mnajua.

Aliyethibitisha ni huyo huyo Euler, Mswisi aliyekuwa anaishi St. Petersburg, na matokeo yalichapishwa 1772 katika barua aliyomwandikia mmoja wa ukoo wa Bernoulli. Wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka sitini na macho yalikuwa karibu yamekwisha kabisa. Sasa fikiria hiyo kazi. Ukitumia njia ya Cataldi unahitaji kujaribu kila namba tasa mpaka 46,340, maana 46,341 ukiizidisha kwa yenyewe umepita. Hizo ni zaidi ya namba tasa elfu nne mia saba, kila moja ni kugawa tarakimu kumi. Euler hakufanya hivyo. Alipunguza mpaka zisizidi 372, na jinsi alivyopunguza nitajaribu kuieleza hapa kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda, anayetaka kuruka aruke.

Chukua namba tasa yoyote, tuseme 7. Anza na 1 uwe unazidisha kwa mbili, na kila ukipita saba unaitoa hiyo saba unabaki na kilichobaki. 1, 2, 4, halafu 8 ukitoa saba ni 1, umerudi ulikotoka, hatua tatu. Fanya hivyo na 11: 1, 2, 4, 8, 5, 10, 9, 7, 3, 6, halafu 1, hatua kumi. Kila namba tasa, ukiacha 2 yenyewe, ina mzunguko wake wa aina hii, na Fermat ndiye aliyegundua kwamba urefu wa mzunguko lazima uingie kamili kwenye ile namba ukiipunguza moja, kama hapa 3 inaingia kwa 6 na 10 inaingia kwa 10. Haya, sasa tuseme kuna namba tasa fulani inayoligawa sanduku la siku 31 bila baki. Hiyo inamaanisha ukianza na 1 ukazidisha kwa mbili mara 31 umerudi kwa 1. Kwa hivyo mzunguko wake unaingia kamili kwa 31, na 31 yenyewe ni tasa haina vipande, basi mzunguko lazima uwe 31 kamili. Na kama mzunguko ni 31, basi 31 inaingia kwa hiyo namba kasoro moja. Na kwa vile mgawaji ni witiri, ukitoa moja unabaki na shufwa, hivyo si 31 tu, ni 62. Yaani mgawaji yeyote wa hizo pesa lazima awe 62 mara kitu fulani, ongeza moja. Usipoamini angalia hizo nilizotaja huko juu: 47 kasoro moja ni 46, mara mbili ya 23. 233 kasoro moja ni 232, mara nane ya 29. 23 na 89 za tarehe kumi na moja, 22 na 88. Zote zinatii.

Kisha kuna sheria nyingine, kwamba mgawaji huyo akigawanywa kwa nane lazima abakishe 1 au 7, hiyo uthibitisho wake sitauweka hapa mtanikata barua. Ukiunganisha hizo mbili unabaki na namba za aina mbili tu, 248 mara kitu ongeza 1, au 248 mara kitu ongeza 63. Mpaka 46,340 za kujaribu ni 372, na hata hizo nyingi unazifuta kwa sababu zenyewe si tasa, 249 kwa mfano inagawika kwa 3, huna haja ya kuijaribu. Ya kwanza ambayo lazima uishike kwa mkono ni 311. Niliishika: 311 mara 6,905,092 ni 2,147,483,612, zinabaki 35. Haiingii. Baada ya hapo unaendelea na nyingine na nyingine, na Euler alifika mwisho bila hata moja kuingia, na hapo ndio ikajulikana kwamba ni tasa kweli. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kuliko kugundua kisiwa, kisiwa ukipita na meli utakiona.

Huyu Euler pia usidhani alikuwa anathibitisha tu walichosema wakubwa. Fermat mwenyewe alikuwa ameamini kwamba 4,294,967,297 ni tasa, hiyo ni mara mbili ya namba yetu ukiongeza tatu, na Euler mwaka 1732 akaonyesha ni 641 mara 6,700,417. Jirani kabisa, moja tasa na nyingine si tasa, na kwa kuangalia tu huwezi kutofautisha.

Baada ya 1772 watu waliona hapo ndio mwisho. Kuna Mwingereza, Peter Barlow, aliandika mwaka 1811 kuhusu namba kamilifu inayotoka kwa hii yetu. Namba kamilifu ni ile ambayo ukijumlisha vigawanyo vyake vyote vidogo unaipata yenyewe, kama 28 ambayo ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Ukichukua mchango wa tarehe 31 ukauzidisha na sanduku lote la siku hiyo unapata 2,305,843,008,139,952,128, na hiyo ni kamilifu. (Jaribu na tarehe tatu, mchango 4 mara sanduku 7, ni hiyo 28.) Barlow akasema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa sababu hizi ni za kuchekesha tu hazina faida, na hakuna mtu atajisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Lucas wa Ufaransa akathibitisha ile ya siku 127, ina tarakimu 39, bila kompyuta. Na mwaka 2024 mwezi wa Oktoba ilipatikana ambayo ungehitaji kuweka akiba siku 136,279,841 kuifikia, na ukiiandika ina tarakimu zaidi ya milioni 41, gazeti lenu lingehitaji kuacha habari zote kwa muda mrefu sana.

Na hapo kwa "hazina faida", Mhariri, hapo ndio nataka mnisikilize, kwa sababu hii namba iko mfukoni mwa karibu kila msomaji wenu.

Kompyuta inaweka namba kama safu ya swichi, kila swichi ni ya kuwashwa ama kuzimwa, ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, na kuendelea. Ni chalenji yenu ile ile, kila swichi ni siku moja ya Januari. Na uzuri wake ni kwamba kiasi chochote cha pesa kuanzia shilingi moja mpaka hizo bilioni mbili na ushee unaweza kukipata kwa kuchagua siku za kulipa na za kuruka, na kuna njia moja tu ya kuchagua. Ukitaka elfu moja kamili unalipa tarehe 4, 6, 7, 8, 9 na 10, basi, hakuna mpango mwingine. Kompyuta nyingi zilitengenezwa kuweka namba katika swichi 32, ambazo moja inatumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Zikiwaka zote 31 umefika 2,147,483,647 na huwezi kwenda mbele. Ukiongeza moja tu, inageuka kuwa hasi 2,147,483,648. Niliwahi kuona stoo moja ya vifaa vya ujenzi, siitaji, skrini inasema kuna mifuko ya saruji hasi bilioni mbili na zaidi, mwenye duka anamfokea kijana wa stoo ati umeiba, na kijana wa watu hajaiba kitu, mtu alikuwa ameingiza tarakimu nyingi kwa bahati mbaya na programu ikafika ukingoni ikaanguka upande wa pili. Huo mfano wa hasi bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba na kitu, mkiuona popote, risiti, ripoti, taarifa ya benki, jueni si wizi.

Si maduka tu. Mwaka 2014 video ya wimbo wa Mkorea mmoja ilitazamwa mpaka ikapita hiyo namba kwenye YouTube na ikabidi waongeze swichi za kuhesabia. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa amri kuhusu ndege za Boeing 787, kwamba zikiachwa na umeme siku 248 mfululizo bila kuzimwa, mitambo ya kusimamia jenereta inaweza kuzima yote kwa pamoja, hata ndege ikiwa hewani. Siku 248 na nusu hivi ukizigeuza kuwa sehemu za mia za sekunde unafika kwa namba yetu. (Na ile 248 ya Euler huko juu, hiyo ni sadfa tu, msije mkaandikia kichwa cha habari.)

Halafu kuna saa. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa Januari 1, 1970 kwa saa za Greenwich, huku kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Zile zinazoweka hesabu hiyo kwa swichi 31 zitafika mwisho tarehe 19 Januari 2038, siku ya Jumanne, kwa saa za Nairobi ni saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba asubuhi, watu wako kwa matatu za kuingia tao. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itadhani ni mwaka 1901. Mashine nyingi mpya zilishahamia swichi 64 hazina wasiwasi, shida ni zile za zamani zilizofichwa kwenye lifti, mita na mitambo ya viwanda ambazo hakuna anayekumbuka ziko. Tena ni Januari, kwani huu mwezi una nini.

Na kwa wale watakaouliza kama ile namba ya mwisho ya mashine za swichi 64 nayo ni tasa: hapana. Hiyo ni sanduku la siku 63, na 63 inagawika kwa 3, kwa hivyo lazima ligawike kwa 7, kwa sababu ile ile ya tarehe 6. Huhitaji hata kuiandika.

Sasa ombi langu. Najua mtaweka masahihisho, na najua mmezoea kuyaweka ukurasa wa pili kwa maandishi ya mchwa. Safari hii yapeni nafasi, pale pale kwa ukurasa wa familia, muwekeni mchango wa kila siku kuanzia tarehe mosi mpaka thelathini na moja, wasomaji wajionee wenyewe wapi wangekwama. Na kwa zile tarehe nane ambazo sanduku halingegawika, yaani 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19 na 31, mtie rangi nyingine, watoto watauliza kwa nini. Chini kabisa kwa jumla, tafadhali msiandike "takriban bilioni mbili". Andikeni tarakimu zote kumi.

Na kama mnapanga kuleta chalenji ya Februari, ya siku 28 inafika 268,435,455, hiyo inagawika kwa 3, kwa 5, kwa 29 na kwa 43, lakini kwa 18 haikubali, kwa hivyo chama chetu hakitashiriki.

Mweka hazina,
Umoja, Nairobi